Walutheri: askofu wako naye, papa hawana, sasa nani anaamuru?

Hapa Lushi (Lubumbashi, Kongo) ukiambia mtu uko Mlutheri, anakaa kidogo kisha anauliza, sasa nyinyi mko Wakatolike ama Waprotestanti? Si swali la kijinga hata kidogo. Mtu anaingia, anaona pasta amevaa kanzu nyeupe na stola shingoni, anasikia kuko askofu, anaona mtoto wa miezi mitatu anabatizwa kwa maji ya kichwani, anaona hostia mezani, anasema ee, hawa ni Katolike tu. Kisha anaona bibi ya pasta amekaa mbele na watoto wake, ama pasta mwenyewe ni mama, hakuna mtu anataja papa, hakuna rozari, na mahubiri ni ya Biblia toka mwanzo mpaka mwisho, basi anachanganyikiwa. Katanga tumezoea Katolike, Metodisti, Garenganze, Kimbangu, Pentekoste, na yale makanisa ya uamsho yenye kila avenyu iko na lake. Mlutheri haingii vizuri popote.

Watu wengi wakieleza hii kitu wanaanza na Luther na misumari yake mlangoni na wanaishia palepale, na mimi naona wanaacha jambo lenyewe la kushangaza. Jambo lenyewe ni hili: hili ni kanisa lenye watu zaidi ya milioni 70 duniani na halina mkubwa wa dunia yote. Hakuna mji wao kama Roma, hakuna mtu mmoja anayeweza kupiga simu Lubumbashi na kumwambia askofu toka hapo. Kila nchi iko na kanisa lake linalojitawala, wakati mwingine nchi moja iko na makanisa matatu manne ya Kilutheri, na bado wanasema sisi ni wamoja, mara nyingi mtu wa huku anakula Meza ya Bwana kule bila kuulizwa mambo mengi. Wanashikana na nini sasa? Kuko karatasi moja ya mwaka 1530 yenye kueleza karibu yote, nitafika hapo.

Luther tumpitie haraka. Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483, akaingia utawa wa Waaugustino, akawa profesa wa Biblia kwenye chuo cha Wittenberg. Wakati ule padri mmoja anaitwa Johann Tetzel alikuwa anazunguka anauza vyeti vya rehema, unalipa, adhabu ya dhambi zako inapunguzwa, hata ya ndugu yako aliyekufa. Sehemu ya pesa ilienda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na sehemu ingine ililipa madeni ya askofu mkuu Albrecht wa Mainz, juu huyu alikuwa amekopa benki ili apate kiti chake. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther aliandika hoja 95 akamtumia Albrecht na barua. Ile habari ya kuzipiga misumari mlangoni wanahistoria wanaibishania mpaka leo, lakini barua iko, hiyo hakuna wa kubisha. Kwa kuwa mashine za kuchapa zilikuwa zimeshaenea, ndani ya wiki chache tu hoja zilikuwa mikononi mwa watu Ujerumani mzima. Roma ikamtenga mwanzoni mwa 1521, Aprili ya mwaka uleule akasimama mbele ya mfalme mkuu Karoli wa Tano kule Worms akakataa kufuta maandishi yake, akafichwa kwenye ngome ya Wartburg, na humo ndani akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka Septemba 1522. Mwaka 1525 akaoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Njo maana mapasta wa Kilutheri wanaoa.

Sasa tuache historia kidogo tuone alikuwa anasema nini, juu hapa njo watu wanadanganyana sana. Luther hakusema matendo mema hayana kazi. Alisema hayanunui kitu kwa Mungu. Mtu anahesabiwa haki kwa neema tu, kwa njia ya imani tu, kwa ajili ya Kristo, na matendo mema yanakuja nyuma kama shukrani, yanamwendea jirani mwenye njaa, hayapandi juu kulipa deni. Na hata yule aliyehesabiwa haki anabaki mwenye dhambi mpaka kaburini, vyote viwili kwa mara moja, kwa hiyo Mlutheri wa kweli hawezi kusema mimi nimeshaokoka sina dhambi tena. Kila Jumapili ibada inaanza na kuungama, watu wote, pasta mwenyewe ndani, kisha inatangazwa ondoleo la dhambi, na tangazo lile halina bei. Nikisikia mahali wanauza chupa ya mafuta ya upako kwa dola, ama wanakuambia panda mbegu ya dola mia ndipo mlango wa kazi ufunguke, nafikiri Tetzel hakufa, alibadilisha tu koti. Hayo ni maoni yangu, usiyaweke juu ya Walutheri wote, hata kati yao kuko wenye kupenda mbegu.

Basi tufike kwenye ile karatasi. Mwaka 1530 mfalme mkuu Karoli aliita baraza Augsburg, juu Waturuki walikuwa wameshafika mpaka mlangoni mwa Vienna mwaka uliotangulia na alitaka wafalme wadogo wa Ujerumani wawe kitu kimoja. Akawaambia wale wa upande wa Luther, leteni maandishi, semeni munaamini nini. Luther mwenyewe hakuweza kwenda, alikuwa amepigwa marufuku, angekamatwa. Rafiki yake Philipp Melanchthon njo aliandika, na tarehe 25 Juni 1530 ikasomwa kwa sauti mbele ya mfalme kwa Kijerumani. Iko na vifungu 28 na inaitwa Ungamo la Augsburg. Mpaka leo pasta wa Kilutheri anapowekewa mikono anaahidi kufundisha kufuatana na Ungamo hilo, awe wa Arusha, Stockholm ama hapa kwetu.

Kifungu cha 7 njo ufunguo. Kinasema kanisa ni kusanyiko la watakatifu, pale Injili inapofundishwa safi na sakramenti zinapotolewa sawasawa. Kisha kinaongeza kitu kidogo chenye uzito: kwa umoja wa kweli wa kanisa, inatosha kupatana juu ya Injili na sakramenti, na si lazima desturi zilizowekwa na watu zifanane kila mahali. Inatosha! Soma tena taratibu. Hakusema lazima kuwe na papa, hakusema lazima askofu awe hivi ama vile, hakusema lazima nyimbo za Kijerumani. Ukishaweka hiyo, milango yote inafunguka: Uswidi wabaki na maaskofu wa zamani, Marekani waanze na marais wa sinodi (baraza la kanisa), Tanzania waimbe na ngoma, na wote wawe Walutheri sawasawa. Yale yote yenye kuonekana kama fujo kwa mtu wa nje, maaskofu huku, marais kule, kanzu hapa, suti pale, hayatoki kwa uzembe. Yametoka kwenye kifungu kile.

Kuhusu sakramenti zenyewe, ziko mbili tu, Ubatizo na Chakula cha Bwana, juu ni hizo mbili zenye amri ya Yesu pamoja na kitu cha kushika, maji, mkate, divai. (Maungamo pia waliyaheshimu sana, karibu wayahesabu ya tatu.) Watoto wanabatizwa juu neema ni zawadi, na zawadi haingoji mtu ajue kusoma. Na kwa sababu mtoto hakujisemea mwenyewe, anapokua anafundishwa, huko Tanzania wanaita kipaimara, anasoma Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 yenye Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, Ubatizo, Meza, na kila kipande kinamalizia na swali moja la kitoto: maana yake ni nini? Luther aliiandika baada ya kuzunguka vijijini na kuona watu hawajui hata Baba Yetu. Alikasirika kweli, ukisoma dibaji yake utaona.

Kwenye Meza njo wanapoachana na Waprotestanti wengi. Oktoba 1529 Luther alikutana Marburg na Zwingli wa Uswisi, wakapatana kwenye hoja 14 kati ya 15, ile ya 15 ikawashinda. Zwingli anasema mkate ni alama ya mwili. Luther alikuwa amechukua chaki akaandika juu ya meza kwa Kilatini «huu ni mwili wangu», akafunika na kitambaa, na mabishano yalipopanda akafunua kitambaa akawaonyesha, imeandikwa hivi, mimi sitoki hapa. Walutheri mpaka leo wanafundisha kwamba mwili na damu ya Kristo viko kweli ndani, pamoja na chini ya mkate na divai. Hawasemi kama Wakatolike kwamba mkate umeacha kuwa mkate, na hawasemi kama Wabaptisti kwamba ni ukumbusho tu. Njo maana wanaiheshimu Meza sana, na njo maana jirani yako anaona sura ya Katolike.

Kanisa la taifa, hilo jina lilitoka wapi? Luther hakutaka kufungua kanisa jipya, na maaskofu wengi wa Ujerumani hawakumfuata, kwa hiyo kukawa pengo, nani atalipa mapasta, nani ataangalia shule. Wafalme wakaliziba. Uswidi mfalme Gustav Vasa alianza kukata na Roma 1527, Denmark 1536 mfalme Christian wa Tatu akawafunga maaskofu Wakatolike na kuchukua mali za kanisa, na mwaka 1555 kule Augsburg wakapatana kwamba dini ya mtawala njo dini ya nchi yake. Kwa hiyo kanisa likawa idara ya leta, yaani serikali. Mambo haya hayajaisha yote, Denmark mpaka leo kanisa la taifa halina askofu mkuu wala sinodi ya nchi, sheria zake zinapita bungeni na kuko waziri wa kanisa. Uswidi waliachana na leta tarehe 1 Januari 2000 tu, juzijuzi. Mimi naona hapo njo doa kubwa la Walutheri wa Ulaya, kwa mtu aliyeandika kwamba Mkristo ni huru, kanisa lake lilikaa karne nne chini ya kiti cha mfalme.

Afrika ilikuwa kinyume. Hapa hakuna mfalme aliyeleta Ulutheri, zilileta misioni, tena nyingi zisizoongea pamoja, na kanisa la taifa lilipatikana kwa kuziunganisha. Mfano wa karibu yetu, tena kwa Kiswahili, ni KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wamisionari wa Kijerumani walifika Dar es Salaam 1887, wengine kusini 1891, misioni ya Leipzig ikafika Kilimanjaro 1893, misioni ya Bethel ikafika Bukoba 1910. Vita ya kwanza ikaja, Wajerumani wakafukuzwa, na hapo kuko kitu watu hawasemi sana: makanisa hayakufa. Walimu na wainjilisti Waafrika njo walishika, wakabatiza, wakafundisha, wakakusanya sadaka bila mzungu. Wajerumani wakarudi, vita ya pili ikaja wakafungwa tena, Waswidi na Waamerika wakaja kusaidia, na kila mmoja akaja na desturi zake. Mwaka 1938 wakaanza kuwa na chama kimoja cha kushauriana, 1952 kikawa shirikisho, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yakajifunga yakawa kanisa moja. Mkuu wa kwanza akawa Stefano Moshi wa Kilimanjaro, Mchaga, si mzungu.

Leo KKKT ni kati ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, iko na dayosisi zaidi ya 20, makao makuu Arusha. Angalia inavyojengwa toka chini: kuko mtaa, mitaa inafanya usharika wenye mchungaji na baraza la wazee, sharika zinafanya jimbo lenye mkuu wa jimbo, majimbo yanafanya dayosisi yenye askofu, na juu kabisa Mkutano Mkuu. Kwenye mkutano ule wanakaa wachungaji pamoja na waumini wa kawaida, walimu, wakulima, akina mama, na kura ni sawa. Hao njo wanachagua Mkuu wa Kanisa kati ya maaskofu. Na yeye haachi dayosisi yake, anabaki askofu wa kwao na kuongeza kazi ile juu yake kwa muda, muda ukiisha anarudi kuwa askofu kama wengine. Alex Malasusa wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani alikuwa Mkuu 2007 mpaka 2015, akampisha Fredrick Shoo wa Kaskazini, na 2023 wakamchagua Malasusa tena. Hebu fikiria papa anarudi kuwa askofu wa kawaida miaka minane, kisha anaitwa tena.

Pesa nayo inapanda toka chini. Kwenye sharika nyingi kila Mkristo iko na bahasha zake zenye namba, anaandika ahadi ya mwaka, na mhasibu wa usharika anajua namba 214 bado hajatoa ya Machi. Ibada ikiisha watu hawatawanyiki, wanasimama nje kwenye mnada: mama ameleta ndizi, mzee ameleta kuku, mwingine mayai kumi, vyote vilitolewa kama sadaka juu si kila mtu iko na noti, na mzee wa kanisa mwenye mdomo anainua kuku juu anaita bei mpaka mtu analipa mara tatu ya bei ya soko, watu wanacheka, kuku anauzwa, wakati mwingine aliyenunua anamrudisha auzwe tena. Hela zile zinalipa mwinjilisti, sehemu inaenda dayosisi, dayosisi inapeleka Arusha. Kwa hiyo Arusha inakula kwa mkono wa sharika, na anayekulisha huwezi kumwamrisha hovyo. Nafikiri hii inaeleza kanisa lile kuliko katiba yake.

Lakini kujitawala kuko na bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Meru, waliokuwa ndani ya Dayosisi ya Kaskazini, walitaka dayosisi yao, wakakataliwa, ikawa vita ya kweli, nyumba zikachomwa, watu wakafa, kundi moja likatoka likaanzisha kanisa lingine, na mwishoni Meru wakapata dayosisi yao. Huwezi kusema ilikuwa teolojia. Ilikuwa ardhi, kabila, mashule, nani anashika funguo za hospitali. Mwaka 1990 pia njo KKKT ilikubali wanawake wawekewe mikono ya uchungaji, na dayosisi zingine zilianza haraka, zingine zilichelewa, juu hata kanisa la taifa haliwezi kulazimisha kila askofu siku moja.

Na juu ya makanisa ya taifa kuko nini? Kuko Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilianzishwa 1947 Lund, Uswidi, ofisi yake Geneva, makanisa wanachama karibu 150. Rais wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, alichaguliwa 1977 mkutano ulipofanyika Dar es Salaam. Shirikisho haliwezi kuteua askofu wa mtu. Linasaidia wakimbizi, linalipia wanafunzi, linakaa kwenye meza na Roma, na mazungumzo yale yalizaa Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, lililosainiwa Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, ambapo Wakatolike na Walutheri walisema kwenye jambo la msingi hatulaaniani tena.

Utauliza, kama haliamuru, liko na meno? Mara moja yalionekana. Kule kusini mwa Afrika kulikuwa na makanisa ya Kilutheri ya wazungu yaliyokataa kuachana na ubaguzi, mweupe na mweusi hawakai pamoja hata kwenye Meza. Mkutano wa Dar es Salaam 1977 ukasema hii si siasa tena, ni jambo la imani yenyewe, kanisa haliwezi kunyamaza. Wakangoja miaka saba. 1984 kule Budapest wakasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu, mpaka 1991. Unaona vile kifungu cha 7 kinavyouma? Desturi zinaweza kutofautiana, nyimbo, kanzu, lugha, sawa, lakini ukimfukuza ndugu kwenye Meza juu ya ngozi yake umegusa sakramenti, na hapo ile «inatosha» haitoshi tena.

Siku hizi mabishano ni ya ndoa. Kanisa la Uswidi lilianza kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja 2009, na Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la Ethiopia, lenye watu zaidi ya milioni 10 sasa, likakata ushirika wa madhabahu nalo, yaani kula Meza pamoja, 2013. Hakuna mtu Geneva aliyeweza kuwazuia hawa wala wale. Wote wawili bado ni wanachama wa Shirikisho, wanakaa kwenye ukumbi mmoja, Mezani hawakutani. Inaonekana ajabu, na wengine wanasema ni udhaifu, mimi sijui kama kanisa lenye mkubwa mmoja lingefanya vizuri zaidi ama lingepasuka vibaya zaidi.

Sasa huku kwetu. Kwa nini Tanzania wako mamilioni na Kongo ni wachache? Jibu kubwa ni mpaka wa wakoloni. Walutheri walikuja na Wajerumani, na Wajerumani walikuwa ng'ambo ya ziwa. Upande huu alikuwa Leopold kisha Mbelgiji, na Mbelgiji alipendelea misioni za Katolike, Waprotestanti waliokuja walikuwa Waingereza na Waamerika sana sana, kama Frederick Stanley Arnot aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri 1886, njo Garenganze ikaanza. Hata Rwanda, misioni ya Bethel ilikuwa imeanza 1907, Wabelgiji walipochukua nchi baada ya vita kazi ile ikaenda kwa Waprotestanti wa Ubelgiji na leo ni Presbiteri. Na kuko kitu kinachekesha Kivu: Waswidi na Wanorwe walikuja, watu wa nchi za Kilutheri kabisa, lakini waliokuja walikuwa Wapentekoste. CEPAC na CELPA, makanisa ya Kipentekoste ya Bukavu, yametoka kwao, Waswidi walifika upande wa Uvira 1921. Kwa hiyo mtu wa Bukavu ameona Waswidi maisha yake yote na hajamuona Mlutheri.

Kanisa la Kilutheri la Kongo liko na makao yake hapa Lubumbashi, liliingia Shirikisho 1986, na askofu wake wa kwanza, Ngoy Kasukuti, alikuwa mtoto wa nchi. Halikuzaliwa na misioni kubwa kama ya Kilimanjaro, lilianza na Wakongomani wenyewe waliotafuta Ulutheri.

Kongo iko na jambo lake ingine lisilo Tanzania. Mwaka 1970 Waprotestanti karibu wote waliwekwa chini ya paa moja, Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, na sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ya wakati wa Mobutu ikafanya Mprotestanti atambuliwe kwa leta kupitia ECC tu. Misioni za zamani zikageuka «komunote» zenye namba: ya 3 ni CBCA, Wabaptisti wa Goma, ya 5 CELPA, ya 8 CEPAC, na kuendelea. Mbaptisti, Mpentekoste, Mpresbiteri, Mmetodisti, wote kwenye karatasi ni kanisa moja. Ukimwambia Mlutheri wa Ujerumani atashika kichwa, juu yeye alisoma kwamba umoja unatokana na kupatana juu ya Injili na sakramenti, na hapa umoja ulitokana na sinodi moja na sheria ya leta, wakati Mbaptisti na Mlutheri hawapatani hata juu ya kumbatiza mtoto.

Ndani ya mpango ule kila komunote lazima iwe na mwakilishi wa kisheria, yule anayesaini kwa leta, kwa benki, kwa lopango (kiwanja) ya kanisa, kwa zile shule za mkataba uliosainiwa kati ya leta na makanisa 1977. Kwa makanisa yenye maaskofu, mara nyingi ni askofu mwenyewe. Jumapili anawekea pasta mpya mikono, Jumatatu anasaini orodha ya walimu wanaongoja mshahara. Ungamo la Augsburg lilishaongea juu yake, kwenye kifungu cha 28, cha mwisho na kirefu kuliko vyote: kazi ya askofu kwa Injili ni kuhubiri, kusamehe dhambi, kutoa sakramenti, na kama ako na madaraka mengine ya dunia, basi ameyapata kwa sheria za watu, hayakutoka kwenye Injili, na asiyachanganye. Kwa hiyo Mlutheri anaweza kumkatalia askofu wake juu ya lopango na Jumapili ileile akapokea mkate mkononi mwake, na wote wawili wako sawa na Ungamo.